Siku ya hisa iwe pia siku ya presha: namna ya kupeleka elimu ya moyo kwenye kikundi cha akina mama

Mwanamke akilalamika kifua kinabana, mtaani majibu yako tayari: vidonda vya tumbo, gesi, mawazo, au kuna mtu "kamtupia kitu". Mumewe akisema maneno hayohayo, watu wanatafuta gari. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilieleza mwaka 2021 kwamba magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yalisababisha asilimia 35 ya vifo vya wanawake duniani mwaka 2019. Yanaua wanawake wengi kuliko saratani zote zikijumlishwa. Lakini waulize akina mama waliokaa kwenye mkeka ni ugonjwa gani unawanyima usingizi, na wengi watakutajia saratani ya matiti au ya shingo ya kizazi. Moyo wanauweka kwenye fungu la wazee wa kiume wenye vitambi.

Mwongozo huu ni wa katibu wa kikundi, mwenyekiti, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au mama yeyote ambaye wenzake humsikiliza. Nimeuandika nikiwa na kikoba cha Tanzania kichwani, yaani kikundi cha kununua hisa na kukopeshana, ingawa chama cha Kenya au kikundi cha kwaya kitaweza kuufuata bila shida. Lengo ni moja: kila mama aondoke akiwa na namba zake za presha zimeandikwa, na yule ambaye namba zake ni mbaya aondoke anajua aende wapi, lini, na nani atamuuliza kama alikwenda.

Hatua ya kwanza: wafuate walipo

Usiitishe mkutano wa afya. Mkutano wa afya huja na wale ambao tayari wanajali afya, pamoja na wachache waliosikia kuna soda. Nenda pale ambapo akina mama wameshakusanyika kwa shughuli zao: siku ya kununua hisa, baada ya mazoezi ya kwaya, darasa la akina mama msikitini, kliniki ya mtoto wakati foleni ya mizani ni ndefu. Saluni nayo ni sehemu nzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mtu anayesukwa hana pa kukimbilia kwa saa tatu.

Kabla ya siku yenyewe, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ukaonane na mganga mfawidhi. Mweleze siku na idadi ya watu mnaowatarajia, kisha mwombe mambo mawili. La kwanza ni muuguzi wa kuja nanyi kwa saa mbili. La pili, ambalo ndilo zito, ni ahadi kwamba mama mtakayemtuma kesho yake akiwa na karatasi atapokelewa. Kupima watu halafu ukawaacha na hofu zao ni ukatili. Kama kituo hakina dawa za presha mwezi huo, ni bora ulijue mapema, upange kituo kingine.

Kwa walio Kenya, wahamasishaji wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari mwaka 2023. Ongea na wa kijiji chenu kabla hamjafikiria kununua chochote.

Hatua ya pili: amua utasema nini, na usiseme zaidi ya hapo

Nusu saa inatosha. Mambo ni mengi, kwa hiyo chagua yale ambayo mwanamke asiposikia kwako hatayasikia popote. Mimi huchagua matatu.

La kwanza ni sura ya mshtuko wa moyo kwa mwanamke. Kuna maneno yamesambaa kwamba wanawake hawaumwi kifua. Si kweli, usiyarudie. Maumivu au mbano wa kifua ndiyo dalili inayoongoza hata kwao. Tofauti ni kwamba kwa mwanamke mara nyingi mbano huo huja na wenzake: kukosa pumzi, kichefuchefu, jasho la baridi, uchovu usioelezeka, maumivu ya taya, shingo, au mgongo katikati ya mabega. Dalili hizo zikisimama mbele, kifua kinasahaulika, mama anapewa dawa ya tumbo na kurudishwa nyumbani. Wafundishe swali moja la kujiuliza: hii hali inakuja nikifanya kazi na kutulia nikipumzika? Anayebanwa kila akipanda mlima na ndoo ya maji, akasimama kidogo kikaachia, kisha akianza tena kinarudi, huyo anatakiwa apimwe moyo, hata kama ana historia ya vidonda vya tumbo tangu sekondari. Na anayebanwa kwa dakika kumi au zaidi bila kuachia, hata akiwa amekaa, huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo.

La pili ni uzazi. Hapa ndipo utaona watu wanaacha kuangalia simu. Mama aliyewahi kupanda presha akiwa mjamzito, au aliyepata kifafa cha mimba, akijifungua salama watu hushukuru na kufunga ukurasa. Mwili haujafunga. Mwanamke huyo yuko katika hatari kubwa zaidi ya presha ya kudumu, kiharusi na ugonjwa wa moyo miaka inayofuata, na anapaswa kupima presha kila mwaka maisha yake yote. Vivyo hivyo aliyepata kisukari cha mimba, apime sukari hata kama ilishuka baada ya kujifungua. Wakati wa kupima, waulize wazi: "Nani aliwahi kuambiwa ana protini kwenye mkojo akiwa na mimba?" Hiyo ni dalili mojawapo ya presha hiyo ya mimba. Mikono itakayonyooka itakushangaza, na wengi wao hawajapima presha tangu mtoto huyo aanze kutembea.

Ndani ya habari ya uzazi kuna ugonjwa mwingine unaopita kimya kabisa: moyo kutanuka na kushindwa kazi katika mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Afrika unaonekana zaidi kuliko Ulaya. Mama anavimba miguu, anakohoa usiku, akilala chali anakosa hewa mpaka aongeze mito, na wifi na mama mkwe wanasema ni uchovu wa kunyonyesha, au hakukandwa vizuri. Kuvimba kidogo baada ya kujifungua ni kawaida. Kuhitaji mito mitatu ili ulale, au kuamka usiku ukikimbilia dirishani kutafuta hewa, si kawaida hata kidogo. Waambie akina mama wakubwa jambo hili kwa msisitizo, kwa sababu wao ndio wanaokaa na mzazi siku arobaini, na wao ndio wenye kauli ya mwisho kama apelekwe hospitali au la.

La tatu ni koo la mtoto. Linaonekana halihusiani, ndiyo maana nalitaja. Maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokoki, yasipotibiwa, kwa baadhi ya watoto huleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo huharibu valvu za moyo, yaani vilango vinavyopitisha damu. Uharibifu hukaa kimya miaka mingi. Msichana anakua, anaolewa, anashika mimba, na mimba inapoongeza kazi ya moyo ndipo valvu iliyosinyaa inapojionyesha kwa kukosa pumzi. Wanawake ndio wanaoathirika zaidi. Mtoto mwenye homa na koo linalouma akimeza, bila mafua wala kikohozi, apelekwe akaonwe, na akiandikiwa antibiotiki amalize dozi. Aliyekwisha kugundulika na ugonjwa huo hupangiwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, na sindano hiyo hairukwi kwa sababu ya msiba au harusi.

Ukimaliza hayo, nyamaza na uruhusu maswali. Swali la presha ya kushuka halikosekani. Jibu kwa upole kwamba wengi wanaosema wana presha ya kushuka hawajawahi kupimwa, na kizunguzungu kinaweza kuwa upungufu wa damu, njaa, au presha ya kupanda yenyewe. Kisha waelekeze kwenye mashine.

Hatua ya tatu: pima kama inavyotakiwa, au usipime

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mashine ya kidijitali inayofungwa juu ya kiwiko inafaa. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono achana nazo, zinadanganya mkono ukikaa vibaya kidogo tu. Muhimu zaidi ni mkanda. Mkanda wa kawaida unaokuja na mashine nyingi umetengenezewa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Akina mama wengi wa umri wa kati wana mikono minene kuliko hapo, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Utamwanzishia mtu dawa za bure na hofu ya bure. Nunueni mkanda mkubwa wa ziada, na muwe na futi ya fundi cherehani ya kupimia mkono kabla ya kufunga.

Tuseme anakuja bibi. Amepanda kilima kutoka barabarani, kabeba kapu la mchicha, na kabla hajakaa anaanza kuvua ushungi ili apimwe. Usimpime. Mwamkie, mpokee kapu, mkalishe kwenye kiti chenye egemeo. Benchi halifai. Muulize kama amekunywa chai ya rangi kali au kahawa muda huu, kama anataka kwenda msalani kwanza. Kibofu kilichojaa hupandisha presha, na bibi hatasema mwenyewe mbele ya watu. Akae dakika tano. Miguu yote miwili ikanyage chini, asiikunje nne. Mkono uwe juu ya meza ili mkanda ulingane na usawa wa moyo. Kama meza ni fupi weka mto au kitenge kilichokunjwa. Mkono wa gauni ukiwa mwembamba usiuvute juu mpaka ukambana kama kamba, mwombe ajisitiri na khanga atoe mkono mzima. Hapa ndipo pazia linahitajika, hata kama ni khanga mbili zilizotundikwa kwenye kamba.

"Shikamoo bibi. Sasa tutanyamaza wote wawili mpaka mashine imalize."

"Marahaba mwanangu. Ila nilikuwa nataka kukuambia, huyu mjukuu wangu..."

"Utaniambia bibi, nakusubiri. Tukiongea namba zinapanda."

Subiri dakika moja, pima tena. Kama mara mbili hizo zimepishana sana, pima ya tatu. Andika wastani wa mbili za mwisho. Foleni ikiwa ndefu utajaribiwa kupima mara moja tu. Ni afadhali mpime watu kumi na tano vizuri kuliko arobaini hovyo, na waliobaki wawe wa kwanza mkutano ujao.

Kuhusu sukari: kama muuguzi amekuja na mashine, vipimo vya kabla ya kula vinasomeka vizuri zaidi, kwa hiyo tangazeni siku iliyotangulia kwamba wanaotaka kupima waje bila kunywa chai. Mnaotumia futi ya fundi mnaweza kupima na kiuno pia. Kwa mwanamke, sentimita 80 kwenda juu ni dalili ya kuanza kuangalia, na 88 kwenda juu hatari imeongezeka sana. Mpimieni pembeni na msitaje namba kwa sauti. Kuna vikundi viliwahi kuvunjika kwa mambo madogo kuliko hilo.

Hatua ya nne: namba ina maana gani, na mtu aende wapi

Mashine hutoa namba mbili, ya juu na ya chini. Chini ya 130 kwa 85, mpongeze na umwambie apime tena mwakani. Kati ya hapo na 139 kwa 89, apime tena baada ya miezi michache na aanze kushughulika na chumvi na mwendo. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, namba yoyote kati ya hizo mbili, usimwambie "una presha". Mwambie namba imezidi, anatakiwa apimwe siku nyingine kituoni ili ithibitishwe, na mpe karatasi yenye tarehe na namba zote.

Ikifika 180 ya juu au 110 ya chini, mpumzishe, mpime tena. Ikibaki palepale, aende kituoni siku hiyohiyo hata kama anajisikia mzima. Kama ana maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kinachopasuka, kuona giza, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja, anapelekwa sasa, na mtu wa kumsindikiza. Msimpe kidonge cha mwenzake. Kila kikundi kina mama mwenye pakiti ya dawa kwenye pochi na moyo wa huruma, na kidonge chake kinaweza kushusha presha ya mwenziwe ghafla mpaka kumletea kiharusi.

Mjamzito ana kanuni yake. 140 kwa 90 kwa mjamzito ni ya kwenda kliniki siku hiyohiyo. Akiwa na kichwa kinachouma sana, anaona vimulimuli, au anaumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo ni dharura. Na kuna dawa za presha zisizofaa kabisa kwa mimba, kama enalapril, lisinopril na losartan, kwa hiyo mama anayetumia dawa na anafikiria kushika mimba aongee na daktari kabla ya kushika, abadilishiwe.

Wakati wa kuandika karatasi, muulize kila aliyezidi anatumia nini. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha presha kwa baadhi ya wanawake. Asiviache kienyeji akapata mimba, aende abadilishiwe njia. Diclofenac na ibuprofen za kila siku kwa ajili ya magoti hupandisha. Dexamethasone inayouzwa kwa siri kwa wanaotaka kunenepa hupandisha presha na sukari kwa pamoja. Anayeitumia kwa muda mrefu asiikatishe ghafla bila daktari. Wanaoishi na VVU wana hatari ya ugonjwa wa moyo inayokaribia mara mbili ya wengine, hivyo wanaohudhuria CTC, kliniki ya VVU, waombe presha ipimwe kila wanapochukua dawa. Hilo lisemwe kwa wote kwa pamoja, usimsogelee mtu mmoja.

Hatua ya tano: daftari na mfuko wa jamii

Presha haiumi, na hapo ndipo shida ilipo. Mama anapewa dawa za mwezi, anajisikia vizuri, mwezi wa pili ada ya shule inaingia, dawa zinasubiri. Wengine huacha kwa kuwa jirani amemwambia ukianza hutaacha, jambo ambalo kwa wengi ni kweli, na si sababu ya kutoanza.

Kikoba kina kitu ambacho hospitali haina: kinakutana kila wiki na kila mtu anamjua mwenzake anapoishi. Kitumieni. Katibu afungue daftari tofauti na la hisa, lenye jina, namba za siku ile, kituo alichotumwa, na safu ya "amekwenda?" Daftari hilo likae kwa mtu mmoja anayeaminika na lisisomwe hadharani. Kila aliyezidi apangiwe mwenza wa kumkumbusha, asiwe mume wala mkwe.

Mfuko wa jamii ambao vikoba vingi huchangia kwa ajili ya misiba na magonjwa unaweza kupewa kazi nyingine ya kabla ya msiba: nauli ya kwenda kuthibitisha kipimo, au mkopo mdogo usio na riba wa dawa za mwezi. Pelekeni hoja hiyo kwenye mkutano, ipigiwe kura, iandikwe kwenye katiba ya kikundi. Huwa kuna ubishi. Kuna atakayeuliza kwa nini fedha za msiba zitumike kwa mtu anayetembea. Mpeni nafasi aseme, kisha mweka hazina asome gharama za msiba wa mwisho.

Anayehitaji uchunguzi zaidi ataanzia zahanati, ataandikiwa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au mkoa kwa kipimo cha umeme wa moyo na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na wachache watafika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Taasisi hiyo pia hupeleka madaktari mikoani kwa tiba mkoba. Tangazo likipita mkoani kwenu, majina ya kwenye daftari yawe ya kwanza kupigiwa simu.

Hatua ya sita: jikoni, kwa hesabu

Ushauri wa "punguza chumvi" haumsaidii mtu. Mpe hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Familia ya watu watano kwa siku 30 ni gramu 750, yaani pakiti moja na nusu za nusu kilo. Mama akikumbuka ananunua pakiti ngapi kwa mwezi, jibu anajipa mwenyewe. Na hapo hatujagusa mkate, vidonge vya supu, ng'onda na papa mkavu, wala maembe mabichi ya chumvi na pilipili. Limau, tangawizi, kitunguu saumu na bizari vifanye kazi ambayo chumvi ilikuwa inafanya, na kidude cha chumvi kiondoke mezani. Mume atalalamika wiki mbili, ulimi utazoea.

Mafuta yaliyokaangia maandazi leo yasikaangie samaki kesho. Moshi wa kuni na mkaa nao huumiza moyo, si mapafu peke yake, kwa hiyo anayepikia ndani atoe jiko nje au afungue dirisha. Mazoezi ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhema kidogo. Anayelima au kubeba maji amekwishazifikisha. Anayeuza dukani akiwa amekaa kutwa bado.

Hatua ya saba: mpango wa siku mbaya

Kabla hamjatawanyika, kila mama ajibu mbele ya mwenzake: usiku wa manane nikibanwa kifua, nampigia nani mwenye gari au bajaji, na hospitali ipi yenye daktari wa zamu? Aandike namba hiyo nyuma ya karatasi yake. Bodaboda haifai kwa mtu anayeweza kuzirai njiani. Mgonjwa akae nusu wima, asitembee, asipewe chakula wala mitishamba. Kwa kiharusi wafundisheni kuangalia uso ukiwa umeshuka upande mmoja, mkono usioinuka, na maneno yanayokorogeka. Kimojawapo kinatosha kuondoka, na mkumbuke saa kilipoanza kwa sababu daktari ataiuliza kwanza.

Mkitaka tarehe za kupangia, 17 Mei ni Siku ya Shinikizo la Damu Duniani na 29 Septemba ni Siku ya Moyo Duniani. Wamarekani huvaa nyekundu Ijumaa ya kwanza ya Februari kwa ajili ya moyo wa mwanamke, na sare ya kitenge chekundu itapendeza. Inunuliwe tu baada ya mkanda mkubwa wa mashine.

Mkutano unaofuata, kabla ya hisa, katibu apitie safu ya "amekwenda?" na wenza, kimyakimya, mmoja mmoja. Asiyekwenda asigombezwe; aulizwe kilichomzuia, na kama ni nauli, mfuko upo. Asiyehudhuria kabisa afuatwe nyumbani na mwenza wake, mashine ikiwa kwenye mkoba.